Ukiripoti shimo, unachopeleka ofisini ni tarehe (uzi wa tuliokaa ndani ya dirisha na mliokaa nje)

Mzee wa Faili (mleta mada)

Wanajamvi, heshima kwenu.

Kwa miaka kumi na mmoja kazi yangu ilikuwa kupokea malalamiko kwenye ofisi moja ya serikali za mitaa. Ofisi siitaji, na nimeshaondoka, kwa hiyo nina uhuru wa kusema. Mashimo, mitaro iliyoziba, taa zilizokufa, mabomba yanayovuja, mifuniko ya chemba iliyoibwa, vyote vilipitia mikononi mwangu. Mtu anafika dirishani amekasirika, tena kihalali kabisa, anaongea dakika ishirini, anaondoka moyo umempungua uzito, na mimi nabaki na karatasi nyeupe. "Barabara yetu imekufa." Ipi? "Ile ya kwetu." Sehemu gani? "Nyie njooni tu, mtaiona."

Sicheki. Anayekwepa shimo kila asubuhi halioni tena kama kitu chenye anwani. Fundi anayetumwa, yeye hajawahi kukanyaga hapo, na gari la kazi siku hiyo lina safari nyingine tisa. Akizunguka robo saa asilione, anaandika "halikuonekana", na taarifa yako inazikwa kwa heshima zote.

Nikija kwenye hoja yangu: siku unaporipoti, kitu cha thamani kuliko vyote unachokiacha pale ofisini ni tarehe. Kabla ya siku hiyo ofisi inaweza kusema haikujua, na mara nyingi inakuwa haikujua kweli. Baada ya hapo mdomo huo umefungwa.

New York walilifikisha jambo hili mwisho wa reli. Mwaka 1979 jiji lilipitisha sheria kwamba aliyeumizwa na shimo au njia ya miguu iliyovunjika hawezi kulidai jiji fidia mpaka ionekane lilikwisha kupewa taarifa ya maandishi ya kasoro ile ile, likakaa siku 15 bila kuirekebisha. Wakubwa wakadhani wamejifungia ndani. Mwaka 1982 mawakili wa waliokuwa wakiumia wakaunda kamati yao, wakatuma watu mtaa kwa mtaa kuchora kila ufa na kila shimo kwenye ramani kwa alama maalumu, halafu wakazikabidhi ramani kwa jiji, nalo likagonga muhuri wa kupokea. Toka hapo mtu akijikwaa, wakili wake alikuwa anafunua ramani kwanza. Ila sikilizeni na upande wa pili: mwaka 2008 Mahakama ya Rufaa ya jimbo hilo ilimkatalia mdai mmoja kwa sababu alama iliyochorwa haikuwa ya kasoro iliyomwangusha. Taarifa ilikuwepo, tarehe ilikuwepo, maelezo yakawa ya kitu kingine.

Uingereza nako, sheria yao ya barabara ya 1980 inaipa halmashauri utetezi ikionyesha ilichukua uangalifu unaostahili, na moja ya mambo ambayo mahakama hupima ni kama ilijua, au ilipaswa kujua, kwamba pale mahali ni pa hatari.

Kwa hiyo andika. Andika kitu gani, kiko wapi (alama ambayo mgeni ataiona, mita ngapi kutoka wapi, upande gani ukielekea wapi), ukubwa wake, na nani anaweza kuumia. Usitoke bila namba ya kumbukumbu au nakala yenye muhuri. Ukipiga simu, uliza unaongea na nani na uandike saa. Karibuni.

Kiberiti

Mzee umenena, lakini wengine tuna namba tatu za kumbukumbu za shimo moja na shimo lenyewe linanenepa kama limefugwa. Tarehe hazijazi shimo.

Bint Mtaro

Shikamoo mzee. Naomba msaada hapa hapa. Kwetu kuna chemba haina mfuniko, ipo ukingoni mwa barabara pale wanafunzi wanaposhukia. Mtu amechomeka tawi la mti, ndiyo alama yetu hiyo. Nimepiga halmashauri, wakasema "hiyo ya watu wa maji". Nikapiga maji, wakasema "hiyo ya simu". Watu wa simu hawapokei simu, jamani. Sasa naanzia wapi?

Kiberiti

"Watu wa simu hawapokei simu." Nimecheka peke yangu kwenye foleni 😂

Mzee wa Faili

Marahaba mwanangu. Hilo ni tatizo la kuku na yai, kila mmoja anangoja mwenzake akiri kwanza.

Chemba huwa hazikai peke yake, zimejipanga kwenye mstari. Tembea hatua kadhaa huku na huku mpaka uikute nyingine yenye mfuniko, usome maandishi yaliyosubiwa kwenye chuma. Mara nyingi mwenye mali kajiandika pale pale. Piga picha ya ule mzima na ya shimo lako, zitumwe pamoja.

Usiinamishe kichwa ndani kuchungulia, na mtoto asitumwe. Kwenye chemba za maji machafu kuna gesi yenye harufu ya yai viza, na ikiwa nyingi inaiua pua kwanza, hunusi tena chochote, ukafikiri hewa imesafishika.

Halafu, badala ya kupiga simu tatu, andika barua moja kwa wote watatu. Majina ya wapokeaji yote yaonekane juu, kila mmoja aone mwenzake ameandikiwa siku ile ile. Mstari wa kwanza uwe wa hatari: shimo wazi, watoto wanapita saa fulani, kina kiasi fulani. Omba mambo mawili tofauti: leo kizuizi, baadaye mfuniko. Ukiomba mfuniko peke yake, utaambiwa umeagizwa, na shimo litaendelea kuwa wazi mfuniko ukiwa njiani.

Bint Mtaro

Sikuwahi kufikiria kutenganisha kizuizi na mfuniko. Naandika leo.

Fundi Nondo

Mimi nimefanya kazi za barabara, upande wa mkandarasi. Kiberiti, shimo lako silijui lakini ugonjwa wake naujua: maji.

Lami haifi kwa magari peke yake. Inaanza na ufa. Maji yanaingia kwenye ufa, yanalainisha tabaka la chini. Gurudumu likipita, yale maji yanabanwa, yanatafuta pa kutokea, na kila yakitoka yanabeba mchanga kidogo. Siku moja lami inabaki kama ngozi ya ngoma juu ya uwazi, lori likipita inazama. Nchi za baridi wana mateso ya ziada, maana maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9 na kupasua kutoka ndani. Sisi tusio na barafu tunamalizwa na maji yaliyotuama tu.

Sasa wanakuja kuziba. Kiraka cha kweli: wanakata kingo ziwe wima, wanatoa vilivyolegea na tope, pakauke, wanapaka lami ya kushikiza, wanamwaga, wanashindilia. Kiraka cha uongo: koleo mbili ndani ya maji, gari linakanyaga, twende. Ukiona wanamwaga kwenye shimo lenye maji, piga picha, maana utarudi kuripoti shimo hilo hilo.

Hapo ndipo namba zako tatu zinapokufia. Umeripoti shimo mara tatu. Umewahi kutembea juu kidogo kuona maji yanatoka wapi? Ripoti mtaro.

Na jambo ambalo wananchi wengi hawalijui: barabara mpya ina kipindi cha matazamio, ule muda baada ya kukabidhiwa ambapo mkandarasi anarekebisha kasoro kwa gharama yake. Ufa ukiripotiwa kwa maandishi ndani ya muda huo, anayetoa pesa ni mkandarasi. Ukingoja mpaka uwe shimo na muda umepita, inatoka kwenye kodi yenu. Nilikuwa upande wa mkandarasi, nawaambia tulikuwa tunaomba mungu msione ufa.

Kiberiti

Fundi umenikamata. Nimetoka kutembea sasa hivi. Mita kama arobaini juu kuna kalvati limejaa mchanga na chupa mpaka juu, maji yote yanakata kona yanakuja barabarani. Napita hapo miaka minne.

Mwanga Hafifu

Niongeze ya taa maana hazijatajwa. Nazihudumia.

"Taa haiwaki" hainisaidii. Nguzo nyingi zina namba, soma namba, nitumie namba. Halafu niambie inafanya nini. Inawaka mchana kutwa: hiyo ni ile seli inayohisi mwanga, taa yenyewe ni nzima. Inawaka, inazima, inawaka tena baada ya dakika kadhaa: kama ni ile ya zamani yenye mwanga wa rangi ya chungwa, imezeeka, inahitaji globu mpya. Zimezima sita kwa mstari mmoja: msiripoti taa sita, ripotini mstari, kwa sababu hapo kuna waya au fyuzi na anatakiwa aje mtu mwingine na gari jingine. Nimewahi kutumwa na ngazi na globu sita kumbe kebo imekatwa na waliokuwa wanachimba msingi.

Mlango wa chini wa nguzo ukiwa wazi na waya zinaonekana, hiyo ni dharura, usiandike barua. Piga simu na usimame hapo watoto wasisogee.

Pweza wa Nane

Swali kwa mzee: tukiwa majirani sitini, kila mmoja aripoti au tuandike barua moja tusaini sote? Kikundi chetu kimegawanyika vipande viwili kwa ajili ya hili, nusu hawasalimiani.

Mzee wa Faili

Inategemea kitu chenyewe kama kinakaa au kinatembea.

Shimo linakaa. Taarifa sitini za shimo moja, mhudumu anaziunganisha kuwa moja, na kama amechoka anaziunganisha na lisilohusika. Hapo barua moja yenye saini sitini, nakala kwa diwani, ina uzito zaidi, kwa sababu diwani anajua kuhesabu saini kuliko anavyojua kuhesabu mashimo.

Vitu vinavyotembea ni kinyume chake: harufu, kelele, maji yanayokatika, umeme unaopepesa. Hapo kila mtu aripoti peke yake, palepale alipo, saa ileile. New York tena (mnisamehe, wale watu wanaandika kila kitu). Tangu mwaka 2003 wana namba moja, 311, ya kero zisizo za dharura. Wazo la namba hiyo lilianzia Baltimore, jiji jingine la huko huko Marekani, mwaka 1996 ili kuipunguzia mzigo namba ya polisi. Basi mwaka 2005 harufu tamu kama ya shira ikaanza kuvamia sehemu za jiji, inakuja, inapotea, inarudi baada ya miezi. Watu wakapiga simu. Wengine waliogopa kwamba ni sumu. Baada ya muda wakaguzi wakaziweka simu zile kwenye ramani, wakazilinganisha na upepo wa saa ile, wakaufuata nyuma mpaka ng'ambo ya mto, New Jersey. Mwaka 2009 ikatangazwa: kiwanda kilichokuwa kinasindika mbegu za uwatu. Barua moja yenye saini isingefika huko. Ilihitajika mia za watu wasiojuana, kila mmoja na saa yake.

Shangazi Tegemeo

Nimewasoma toka juu. Nyote mnadhani kila mwenye kero anaweza kuripoti.

Boston, Marekani, mwaka 2012 walitoa programu ya simu iliyokuwa inahisi mtikisiko wa gari na kutuma mahali penye shimo yenyewe, mwananchi hata asiandike. Kitu kizuri. Lakini kilikuwa kinahitaji simu ya kisasa na gari, kwa hiyo hatari ikawa kwamba mitaa ya wenye navyo itaonekana na mashimo mengi kuliko mitaa ya wazee na maskini, ambayo kimya chake kitasomeka kama barabara nzuri. Waliliona hilo, wakaanza kwa kuwapa wakaguzi wa jiji wanaozunguka kote. Sio kila ofisi itaona.

Nilipopanga, bomba la nje lilivuja miezi miwili mbele ya nyumba kumi na moja. Hakuna aliyeripoti. Mwenye nyumba alikuwa hataki "wakaguzi" wapite, na kila mpangaji aliogopa kudhaniwa ndiye aliyewaita. Ofisini sisi tulikuwa mtaa usio na shida. Mzee, ulipokuwa dirishani, mtaa uliokaa kimya mlikuwa mnauendea?

Mzee wa Faili

Shangazi, hapana. Tulikuwa tunaendea penye kelele. Sina la kujitetea hapo.

Niseme lililofanyika mara chache likasaidia: mtu wa kutoka nje ya mtaa anaripoti. Bomba la nje ya nyumba ni la barabarani, halihitaji ruhusa ya mwenye nyumba, na mpita njia ana haki sawa ya kuliandika. Ofisi nyingi zinapokea taarifa bila kuchapisha jina. Ulizeni kabla ya kutaja lenu.

Shangazi Tegemeo

Afadhali umekiri.

Chokochoko

Mnapoteza muda na makaratasi. Aibu ndiyo dawa. Yekaterinburg, Urusi, 2012: waandishi wa habari walichora nyuso za gavana, meya na naibu wake kuzunguka mashimo, mdomo ukiwa ndilo shimo. Yakazibwa. Bengaluru, India, 2015: msanii Baadal Nanjundaswamy akaweka mamba wa bandia kwenye dimbwi katikati ya barabara, picha zikasambaa, likazibwa upesi. Mamba hakuomba namba ya kumbukumbu.

Fundi Nondo

Malizia hadithi ya Warusi basi. Kabla ya kuziba walikuja usiku na rangi kufuta zile nyuso, mashimo wakayaacha. Waandishi walikuwa wametega kamera. Ofisi ikiaibishwa, kitu cha kwanza kinachorekebishwa ni aibu.

Mzee wa Faili

Mamba anafanya kazi mara moja, kwenye dimbwi moja. Mtaa wa pili ukileta mamba hakuna anayepiga picha. Na mimi niliyekuwa ndani nawaambia: likija jambo la kwenye mitandao, gari linatolewa kwenye kazi iliyokuwa kwenye orodha, linapelekwa kwa mamba. Aliyekuwa kwenye orodha hajui kwa nini siku hiyo hawakufika.

Silikatazi. Ila chora baada ya kuwa na namba, na namba uiandike kwenye mchoro.

Chokochoko

Namba kwenye mchoro 😂 hilo naliiba.

Kiberiti

Nimerudi na hasira. Niliripoti kalvati kama fundi alivyosema. Siku ya tano ujumbe: "Taarifa yako imefungwa. Asante kwa ushirikiano." Nimekwenda kuangalia, mchanga uko vilevile, chupa zileile. Nataka kufungua taarifa mpya na matusi ndani.

Mzee wa Faili

Usifungue mpya! Weka simu chini kwanza.

"Imefungwa" kwetu ilikuwa na maana nyingi. Imefanyika. Imekutwa si yetu. Imehamishiwa idara nyingine. Imeunganishwa na ya mtu mwingine. Imewekwa kwenye bajeti ijayo. Zote mwananchi alipelekewa neno moja. Na mhudumu anapimwa kwa ngapi amefunga, hapimwi kwa mitaro mingapi inapitisha maji, kwa hiyo kuihamisha faili kwenda meza nyingine ni kuifunga kwenye meza yake.

Wewe rudi na namba ileile. Uliza: imefungwa kwa sababu gani, na kama imehamishwa, namba yake mpya huko ilikohamia ni ipi? Ambatisha picha mbili zilizopigwa kutoka sehemu ileile, ya siku uliporipoti na ya leo. Ukifungua mpya, umewapa zawadi ya tarehe mpya. Kalvati lenye siku tano linageuka kalvati lililoripotiwa leo asubuhi. Namba zako tatu za lile shimo, nina hakika kila mara ulianza upya.

Kiberiti

Nilianza upya kila mara. Nilidhani ndiyo kuonyesha msisitizo.

Pweza wa Nane

Kikundi kimeamua: barua moja kwa barabara, kila mtu peke yake kwa maji yanayokatika. Wameanza kusalimiana.

Kiberiti

Mrejesho mfupi. Ilikuwa imehamishiwa kitengo cha usafi kwa sababu niliandika neno "chupa". Wao walikuja wakaokota chupa za juu wakaondoka. Sasa imerudi kwa mitaro na namba yake ya kwanza. Bado hawajazibua. Tarehe ninayo.

Bint Mtaro

Wakuu, nimerudi. Barua ilikwenda kwa wote watatu, nakala nikagongewa muhuri kote. Yule wa simu ndiye aliyejibu kwanza, kuandika kwamba si yake, ila alipoandika aliwataja wenzake wawili kwa majina ya idara. Siku ya pili halmashauri wakaleta mapipa mawili na utepe. Siku ya tisa watu wa maji wakaja na mfuniko. Maandishi ya kwenye chemba ya jirani yalikuwa ya kwao, picha ile ndiyo iliyowafunga mdomo. Watoto wanapita salama. Asanteni sana, mzee shikamoo tena.

Ila mfuniko wenyewe haujakaa sawa, uko chini kidogo ya lami. Kila gari likipita unagonga. Mchana hausikiki. Usiku ni kama mtu anabisha hodi kwa nyundo, na dirisha langu ndilo lililo karibu. Nitumie namba ileile au mpya?

Fundi Nondo

Kiti cha mfuniko kimekaa chini au hakikusawazishwa. Huko Boston, ile programu ya Shangazi iligundua kwamba mitikisiko mingi haikuwa mashimo kabisa, ilikuwa mifuniko iliyozama kama huo wako. Waambie "fremu inyanyuliwe", usiseme tu "kelele", watakuletea mtu wa kelele.

Mzee wa Faili

Mpya, mwanangu. Shimo wazi limezibwa, hiyo waache waifunge, wameistahili. Hii ni kasoro nyingine na inaanza leo. Taja ya zamani ndani yake ili wajue ni kazi ya nani. Na andika saa mfuniko unapogonga.

Bint Mtaro

Sasa hivi saa saba na robo usiku. Na saa saba na dakika kumi na nane. Lori.